Kazi ya nyumbani imehamia kwenye simu ya mama

UKITAKA kujua kwamba kesho ni siku ya shule mjini Nakuru, usisumbuke kutazama sare zilizoanikwa kwenye kamba kule Section 58 au Shabab. Nenda jioni ya Jumapili katika saiba yoyote iliyo wazi, iwe ni zile za ghorofani karibu na Kenyatta Avenue au vile vibanda vya Kaptembwo na Rhonda vyenye kompyuta mbili na printa moja inayokohoa. Utakuta foleni. Waliopanga foleni hiyo wengi wao hawakuja kutafuta kazi wala kulipa ushuru. Ni kina mama wenye leso mabegani, kina baba ambao bado wamevaa tai ya kanisani, na watoto wa Gredi ya Tatu na ya Nne wakiwa wameshika vijikaratasi vilivyoandikwa na mwalimu: leteni picha za wanyama wa porini, leteni ramani ya kaunti yetu, leteni picha za ala za muziki.

Kijana wa saiba huuliza swali moja tu: ya rangi au nyeusi? Hapo ndipo mzazi huguna. Karatasi isiyo na rangi ni Sh10. Ya rangi ni mara mbili, pengine mara tatu, na simba asiye na rangi, mtoto atakwambia mbele ya watu, hafanani na simba.

Hebu piga hesabu nami, msomaji. Picha nne za rangi leo, kesho kutwa video ya kutazama kwa simu, mwisho wa wiki mtoto apigwe picha akifagia uwanja na picha hiyo ipelekwe kwa mwalimu kupitia WhatsApp. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo katika orodha ya karo. Hakuna risiti. Lakini pesa zimetoka, na zimetoka katika mfuko uleule unaonunua unga na sukuma wiki.

Kwa miaka mingi tumeahidiwa kwamba teknolojia itaingia shuleni. Imeingia, ila haikupitia langoni. Imezunguka nyuma ikapitia kwenye mkoba wa mama.

Bonde la Ufa si geni kwa mitambo mikubwa. Mwaka 1970 kituo cha mawasiliano ya setilaiti kilifunguliwa kule Longonot, na kupitia dishi lake Kenya ikaweza kuzungumza na ulimwengu bila kutegemea nyaya. Mwaka 1981, karibu na Ziwa Naivasha, mtambo wa Olkaria ukaanza kuzalisha umeme kwa mvuke unaotoka ardhini. Kwa hivyo eneo hili lilikuwa na dirisha la kuchungulia dunia nzima, na jiko lake lenyewe la kupika umeme, wakati ambapo watoto wengi wa Mau Narok na Subukia walikuwa wakifanya hesabu zao kwa mwanga wa koroboi. Moshi wa koroboi ukijaa puani usiku, asubuhi unajua ni nani aliyesoma.

Mashine ambayo kweli iliwafikia watoto hao ilikuwa redio. Sauti ya Kenya, ambayo tangu 1989 inaitwa KBC, ilitangaza vipindi vya shule vilivyotayarishwa na Taasisi ya Elimu ya Kenya, ile KIE ambayo leo ni KICD. Mwalimu aliiweka redio juu ya meza, akatazama saa yake ya mkononi, na darasa zima likanyamaza kimya. Kati ya 1980 na 1985 palikuwa na jaribio moja la kupendeza la kufunza Kiingereza katika madarasa ya chini kwa redio. Sauti iliuliza swali, ikanyamaza sekunde chache, nao watoto wakajibu kwa pamoja kana kwamba yule aliye ndani ya kisanduku anawasikia. Kisha sauti ikawapa jibu sahihi na kuendelea.

Nalikumbuka jambo hili si kwa sababu ya kutamani ya kale. Redio ya kale ilikuwa na mikwaruzo, na betri zikilala somo nalo hulala. Ninachokitazama ni mgawo wake. Redio moja ilitosha darasa zima. Hakuna mtoto aliyesikia zaidi ya mwenzake kwa sababu baba yake anamiliki lori la kubeba viazi.

Sisi tulio katika miaka ya thelathini tuliikuta kompyuta ikiwa imefunikwa kwa kitambaa. Unakumbuka? Katika shule zilizobahatika kuwa nayo, chumba cha kompyuta kilikuwa kama madhabahu. Ulivua viatu mlangoni. Uliingia kwa soksi, mara nyingi zimetoboka, ukaketi watatu kwenye skrini moja, na mmoja pekee ndiye aliyeruhusiwa kushika kipanya. Wengine walimtazama kwa wivu. Shule nyingi hazikuwa na chumba chenyewe, kwa hivyo masomo ya kompyuta yalingoja mpaka umalize Kidato cha Nne. Hapo mzazi alikupeleka mjini ukafanye "pakeji" kwa miezi mitatu katika chuo kilicho juu ya duka la viatu, nawe ukarudi nyumbani na cheti chenye muhuri mwekundu. Cheti hicho hadi leo kiko chini ya godoro katika nyumba nyingi za mkoa huu. Nilimwona jirani mmoja akikitafuta mwezi uliopita, sijui akipeleke wapi.

Halafu ikaja ile ahadi kubwa. Mwaka 2013 serikali ya Jubilee iliingia madarakani ikiwa imeahidi kila mtoto wa Darasa la Kwanza kompyuta ya kubeba. Zabuni ya kwanza ikakwama katika mabishano ya kisheria. Ilipofika 2016 vikaanza kuja vishikwambi, ambavyo viliunganishwa humu nchini na Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Jomo Kenyatta, JKUAT, pamoja na kampuni za ng'ambo walizoshirikiana nazo. Zaidi ya vifaa milioni moja vilisambazwa katika shule za msingi za umma kote nchini. Si haba. Ni mpango ambao nchi nyingi jirani hazikuthubutu kuuanza.

Kabati

Nenda sasa ukaulize viko wapi. Katika shule kadhaa ninazozijua jibu ni lilelile: viko kwenye kabati. Kabati lenyewe ni la chuma, liko ofisini mwa mwalimu mkuu, na dirisha la ofisi hiyo lilitiwa vyuma wakati vifaa vilipoletwa ili wezi wasivichukue. Walimu waliopewa mafunzo ya kuvitumia wakapata uhamisho. Watoto waliokuwa Darasa la Kwanza wakapanda madarasa, na masomo yaliyowekwa ndani hayakupanda nao. Betri zikachoka. Na mwalimu mkuu, ambaye akipoteza kishikwambi kimoja ataandika barua tatu kujieleza, aliona ni salama zaidi kisitolewe kabisa. Mimi simlaumu sana. Mtu akikukabidhi yai na kukwambia likivunjika utalipa, hutalipika.

Basi kabati likafungwa, na muda si muda ukaja mtaala wa umilisi, CBC kama tulivyouzoea. Ulianza rasmi katika madarasa ya chini Januari 2019, na 2023 watahiniwa wa mwisho wa KCPE wakafanya mtihani wao, mfumo wa 8-4-4 uliokuwapo tangu 1985 ukiwa unafunga virago. Jina la mtaala limebadilishwa tena, sasa wakubwa wanauita CBE, lakini kazi ya nyumbani haikubadilika.

Mgala muue na haki umpe. Kuna mengi mazuri katika mtaala huu. Binti yangu anajua kupanda vitunguu ndani ya gunia, na kwa umri wake mimi nilijua kukariri mito ya nchi ambazo sijawahi kuziona hadi leo. Anauliza maswali ambayo zamani yangemletea kiboko. Tatizo ni kwamba mtaala unaomtaka mtoto atafiti unahitaji mahali pa kutafitia. Shule haina mtandao, au inao katika ofisi moja. Maktaba haina vitabu vya kutosha. Mwalimu ana watoto sitini mbele yake. Kwa hivyo anaandika kwenye daftari maneno mawili ambayo kila mzazi anayafahamu: tumia simu.

Simu ya nani? Hapo ndipo kuna kisa.

Chukua nyumba mbili katika kaunti hii. Ya kwanza iko Milimani. Mtandao unalipiwa kwa mwezi, mtoto ana kishikwambi chake mwenyewe, na printa iko chini ya ngazi. Kazi ya mwalimu inamalizika kabla ya chakula cha jioni. Ya pili ni ya mama anayekata maua katika shamba moja la Naivasha. Anatoka alfajiri, anarudi jua likitua, mikono inanuka dawa. Simu yake ni ile tunayoiita mulika mwizi: ina tochi, ina redio, inapokea pesa za M-Pesa, na betri yake hukaa siku nne. Ni simu nzuri kwa maisha yake. Haiwezi kuonyesha video ya mzunguko wa maji.

Mama huyu anafanya nini? Anabisha mlango wa jirani. Jirani ana simu ya skrini kubwa lakini hana bando, kwa hivyo mama anamtumia Sh20 anunue bando la saa moja. Siku ambayo hana Sh20 anakopa muda wa maongezi kwa Okoa Jahazi, ambayo italipwa kesho kwa kukatwa salio atakalotia. Watoto watatu wa ploti wanainamia skrini moja, kila mmoja akivuta upande wake, na saa ikiisha video inakwama ikizunguka pale katikati. Hii si hadithi ya kutunga machozi. Ni jioni ya kawaida, na kina mama hao huisimulia wakicheka.

Kikundi cha WhatsApp cha darasa nacho kina dunia yake. Humo mna tangazo la mkutano, picha ya daftari la mtoto aliyefanya vizuri, ukumbusho wa karo, sala ya asubuhi iliyotumwa na baba mmoja ambaye hakosi siku, na saa nne ya usiku mtu anauliza, "Jamani, kesho ni sare ya michezo?" Mimi nacheka nikisoma. Lakini shule zimeanza kuona kwamba tangazo likishawekwa humo basi kila mzazi amearifiwa. Yule wa mulika mwizi hayumo. Mtoto wake anafika shuleni bila kadibodi, bila chupa za plastiki, bila ile picha, naye anaulizwa mbele ya wenzake kwa nini mzazi wake hajali. Barua iliyokunjwa na kutiwa ndani ya daftari ilikuwa na kasoro zake, wengine tuliila njiani, lakini ilimfikia kila mtu kwa bei moja.

Kama kuna aliyekuwa na shaka kuhusu pengo hili, corona ilimwonyesha. Shule zilifungwa katikati ya Machi 2020. KICD ikatangaza masomo kwa redio na televisheni, na shule za kulipia zikahamia kwenye simu na kompyuta ndani ya wiki chache. Mtaani kwetu ungesikia saa tatu asubuhi mtoto mmoja akijibu "present, teacher" kutoka sebuleni, na nje ya dirisha lake wenzake wa rika lilelile wakisukuma mkokoteni wa mitungi ya maji. Julai mwaka huo Waziri wa Elimu, marehemu Profesa George Magoha, alitangaza kwamba mwaka wa masomo umepotea. Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne walirudi Oktoba 12, na wengine wakangoja hadi Januari 4, 2021. Walipokutana tena uwanjani walikuwa wamevaa sare moja. Miezi tisa waliyotoka nayo haikuwa moja.

Mwalimu wa Njoro

Sasa nikupeleke Njoro. Wengi wakisikia Njoro hukumbuka Chuo Kikuu cha Egerton, ambacho kilianza 1939 kama shule ya kilimo kwa ajili ya walowezi na kupata hadhi ya chuo kikuu 1987. Mimi nataka twende mbele ya hapo, katika kijiji kinachoitwa Pwani, ingawa bahari haipo na hata maji ya kunywa ni ya shida. Huko kuna shule ya kutwa ya wavulana na wasichana iitwayo Keriko.

Machi 2019 mwalimu wa hisabati na fizikia wa shule hiyo, Peter Tabichi, mtawa wa shirika la Wafransisko, alisimama jukwaani Dubai na kukabidhiwa Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani pamoja na dola milioni moja, ambazo wakati huo zilikaribia Sh100 milioni. Alikuwa na umri wa miaka 36, na ndiye Mwafrika wa kwanza kuishinda. Alichaguliwa kati ya maombi na mapendekezo zaidi ya 10,000 kutoka nchi 179.

Magazeti yaliandika sana kwamba alikuwa akitoa asilimia 80 ya mshahara wake kuwasaidia maskini, na kwamba karibu thuluthi moja ya wanafunzi wake walikuwa mayatima au wana mzazi mmoja tu. Waliandika kwamba wengine walitembea kilomita saba kufika shuleni kwa barabara zisizopitika mvua ikinyesha. Yote hayo yanastahili sifa. Lakini kuna jambo dogo katika maelezo yake ambalo lilipitwa haraka, nami ndilo lililonishika.

Shule ile ilikuwa na kompyuta moja. Mtandao wake ulikuwa wa kuja na kuondoka. Wanafunzi katika darasa walikuwa 58 kwa mwalimu mmoja. Hata hivyo Bwana Tabichi alitumia teknolojia katika asilimia 80 ya masomo yake. Aliwezaje? Alikwenda saiba. Alitafuta huko masomo na picha za sayansi, akazihifadhi, akazirudisha kijijini na kuwaonyesha wanafunzi wote darasani bila mtandao wowote.

Hebu likalie wazo hilo kidogo. Mwalimu alifunga safari hiyo mara moja, nao 58 wakaona. Angeweza kuandika ubaoni "tumia simu" na kwenda zake nyumbani. Kwa sheria asingekuwa na kosa. Wanafunzi wangapi wa kijiji cha Pwani wangeona kitu? Pengine watano. Pengine wawili, na hao wawili ndio ambao tungewaita werevu.

Matokeo yake yako wazi. Katika maonyesho ya kitaifa ya sayansi na uhandisi ya 2018, wanafunzi wa Keriko walionyesha kifaa walichokibuni cha kuwasaidia vipofu na viziwi kupima vitu, na shule yao ikaongoza kati ya shule za umma. Kikosi chao cha hisabati kilifuzu kwa maonyesho ya kimataifa ya Intel kule Arizona, Marekani, 2019. Wengine walipata tuzo ya Royal Society of Chemistry ya Uingereza kwa kutoa umeme kutokana na mimea inayoota papo hapo kijijini. Mwaka 2017 wanafunzi 16 kati ya 59 waliendelea na masomo ya chuo kikuu. Mwaka uliofuata 26 walijiunga na vyuo vikuu na vyuo vingine. Shule haikuwa imepata kompyuta ya pili.

Bila shaka kuna atakayesema kwamba si kila mwalimu ni mtawa. Kweli kabisa. Mwalimu ana watoto wake, ana mkopo wa Sacco, ana nyumba ya kupanga Free Area au Lanet, na haifai serikali ijengee mpango wake juu ya ukarimu wa mtu mmoja anayetoa mshahara wake. Nami sitaki mwalimu yeyote alipe saiba kwa pesa zake. Nasema tu kwamba Sh100 zilizotumiwa na shule mara moja kwa darasa zima ni tofauti sana na Sh100 zinazotumiwa na kila mzazi kwa mtoto wake. Hesabu ya darasa la watoto 60 ni Sh6,000, na hapo bado hujamhesabu yule ambaye hakuwa nazo.

Tusiwasahau vijana wa saiba wenyewe. Hakuna aliyewaajiri kuwa walimu, na wamekuwa walimu. Tangu vyuo vikuu vianze kupokea maombi kupitia mtandao wa KUCCPS, na mikopo ya HELB nayo ikahamia huko, kijana aliyemaliza Kidato cha Nne Molo au Elburgon hupanda matatu hadi mjini, akamkabidhi kijana wa saiba nambari yake ya mtihani. Huyu ndiye anayemwuliza anataka kusomea nini. Huyu ndiye anayemwambia alama zako hazifiki uuguzi, jaribu elimu, au jaribu kilimo, au tuangalie Egerton wana nini. Nimesimama nyuma ya foleni hiyo nikashuhudia maisha ya mtu yakiamuliwa kwa dakika kumi na tano, kwa Sh200, huku mwingine akigonga dirisha kuuliza kama wanatoa nakala za kitambulisho. Wengi wa vijana hao hufanya kazi hiyo kwa moyo safi na subira ambayo mimi sina. Lakini ni wajibu uliowaangukia tu. Mwalimu wa ushauri aliye shuleni angalau anamjua mtoto: anajua anaogopa damu, anajua anapenda mashine.

Wala sisemi kwamba simu ni adui wa nyumba. Nani angependa kurudi nyuma? Kabla ya M-Pesa kuanza Machi 2007, mzazi wa Gilgil mwenye mtoto katika shule ya bweni ya mbali alipoteza siku nzima benki akitafuta hundi ya karo, kisha siku nyingine akiipeleka. Matokeo ya mtihani, ambayo zamani yalikufanya usafiri hadi shuleni huku tumbo likisokota, siku hizi yanakuja kwa arafa kabla hujamaliza chai. Yamekuwa mepesi mno hata yule aliyeanguka hapati muda wa kujiandaa njiani, lakini hilo ni jambo la siku nyingine.

Na watoto wenyewe? Ukimpa simu atazame mzunguko wa maji, dakika ya tatu utamkuta TikTok, anacheza mbele ya kioo cha kabati. Nimeacha kupigana na jambo hilo kila siku. Nachukua simu yangu na kumpa kalamu.

Kuna mwalimu mmoja wa upande wa Bahati ambaye njia yake nimeipenda. Hatumi mtoto yeyote saiba. Amekusanya kalenda za zamani, magazeti, pakiti za unga na vifuniko vya vitabu, akakata picha na kuzipanga ndani ya masanduku matano ya viatu: wanyama, mimea, watu wa kazi mbalimbali, ramani, vyombo. Siku ya somo masanduku yanazunguka madawati. Ikihitajika video anaitia kwenye simu yake mara moja, kwa mtandao wa ofisi, na kuwaonyesha watoto kwa makundi ya kumi kumi wakati wengine wanachora. Inachukua muda. Kuna siku kundi la mwisho halipati zamu mpaka kesho yake. Hakuna aliyepeleka habari zake Dubai, na nadhani hata mkaguzi hajui.

Mambo yanazidi kupanda, hayashuki. Watoto wa kwanza wa mtaala huu waliingia Gredi ya Kumi Januari 2026, wakiwa wamechagua mikondo yao ya masomo, sayansi au sanaa au masomo ya jamii, na yule anayefuata sayansi atatakiwa kutafuta zaidi ya picha ya simba. Kama Sh40 za Gredi ya Tatu zilileta mgogoro nyumbani, fikiria zitakazofuata.

Muhula ukifunguliwa kutakuwa na mikutano ya wazazi katika shule zote za Nakuru. Tutaketi kwenye viti vya watoto, magoti yakigusa kidevu, tutasomewa ajenda ya choo, ya lango na ya basi. Ikifika ile sehemu ya mengineyo, kabla ya sala ya kufunga, nitainua mkono na kuuliza kwa heshima ni nani aliye na ufunguo wa kabati.